Dondakoo: Ugonjwa Uliowakaba Watoto, na Jinsi Watu wa Kale Walivyouelewa

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu kadi ya kliniki ya mtoto na maana ya kila chanjo inayoandikwa humo. Barua tulizopokea ziligusa magonjwa mengi, lakini neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa dondakoo, na karibu kila aliyeandika alisema hajawahi kumwona mgonjwa wake. Kwa hiyo ukurasa wa safari hii tumeutenga wote kwa ajili ya ugonjwa huo mmoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Kila ninapompeleka mdogo kliniki, muuguzi hutaja dondakoo, kifaduro na pepopunda kwa pumzi moja. Kifaduro nilikiona kwa mtoto wa jirani, na pepopunda nimeisikia tangu utotoni. Dondakoo ni ugonjwa gani hasa, na je, ni donda kweli?

JIBU: Jina hilo, dada, ni la mtu aliyemfungua mgonjwa kinywa akatazama ndani. Ugonjwa huanza kama mafua ya kawaida: mtoto hupata homa isiyo kali, koo humuuma kidogo, na chakula hakimpendezi. Baada ya siku mbili tatu, ukimmulika kwa tochi, utaona juu ya tezi za koo utando wa rangi ya kijivu, mfano wa majivu yaliyolowa maji, ambao umeganda kwenye nyama kiasi kwamba ukijaribu kuubandua damu hutoka. Utando huo hutambaa. Ukishuka hadi kwenye koromeo, sauti ya mtoto hukauka, kikohozi chake huwa kama mbweko, na kila anapovuta pumzi husikika mlio mwembamba wa kukoroma, huku ngozi ya kati ya mbavu na ile ya juu ya kifua ikibonyea ndani. Shingo nayo huweza kuvimba chini ya taya, kushoto na kulia, hata madaktari wakaifananisha na shingo ya fahali.

Donda la kawaida sivyo lilivyo. Chanzo chake ni bakteria wanaokaa juu ya nyama ya koo, ambao kwa kawaida hawaendi mbali zaidi ya hapo, bali hutengeneza sumu. Sehemu ya sumu hiyo huua nyama ya juu papo hapo, na mabaki ya nyama iliyokufa, yakichanganyika na majimaji ya damu yaliyoganda, ndiyo yanayokuwa utando. Sehemu nyingine huingia katika damu, ikaufikia moyo na mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu mtoto aliyenusurika kukabwa aliweza kuonekana amepona, akaketi kitandani, akaomba uji, na wiki ya pili moyo wake ukasimama ghafla. Mwingine kaakaa lake lilipooza, na maziwa aliyokunywa yakawa yanamtokea puani. Tafadhali yashike mambo hayo mawili, utando unaoonekana na sumu isiyoonekana, kwa sababu karibu makosa yote ya watu wa kale yalitokana na kuliona la kwanza na kutolijua la pili.

Sindano anayochomwa mwanao akiwa na wiki 6, 10 na 14 huwa na kinga ya magonjwa matano kwa pamoja: hayo matatu uliyoyataja, homa ya ini aina ya B, na maradhi ya bakteria wa Hib, ambao huleta kichomi na homa ya uti wa mgongo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Wanafunzi wangu waliniuliza: kabla vijidudu havijagunduliwa, watu walikuwa wanaueleza vipi ugonjwa kama huu? Nilikosa mfano wa kuwapa.

JIBU: Mifano ipo mingi, Mwalimu, na inapendeza kuifuata kwa mpangilio wa miaka, maana utaona jinsi kila kizazi kilivyotafuta sababu katika kile ambacho tayari kilikuwa kinakiamini.

Daktari wa Kigiriki Aretaeus wa Kapadokia, aliyeishi katika karne za mwanzo baada ya Kristo, aliandika juu ya vidonda vya koo vilivyofunikwa na kitu cheupe, cha rangi ya risasi au cheusi, vikiwaua watoto kwa kuwaziba pumzi. Alisema vinaitwa vidonda vya Misri na vya Shamu kwa sababu huko ndiko vilikozidi. Alipotafuta sababu, alitazama hali ya nchi na chakula cha watu wake: aliitaja hewa ya Misri, mizizi na majani wanayokula, na maji mazito ya mto Nile wanayokunywa. Watoto, kwa maoni yake, wana joto jingi ndani yao, kwa hiyo huvuta hewa nyingi ya baridi. Maelezo yake ya dalili ni ya mtu aliyekaa kando ya mgonjwa, na hata leo daktari akiyasoma atautambua ugonjwa.

Huko Uhispania, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, maradhi haya yalizuka mara kwa mara, na watu wakayaita garrotillo. Jina hilo limetokana na chombo kilichotumika kuwanyongea wahalifu kwa kukaza kitanzi shingoni. Sisi tungesema mtoto amepigwa kabali na mkono usioonekana. Mwaka 1613 ulikuwa mbaya kiasi kwamba Wahispania waliukumbuka kama mwaka wa garrotillo.

Mfano ambao ningekushauri uusimulie darasani kwa kirefu ni wa makoloni ya Waingereza huko Marekani. Mwaka 1735, katika mji mdogo wa Kingston, New Hampshire, ulizuka ugonjwa wa koo ambao wenyeji hawakuwa na jina lake. Katika wagonjwa 40 wa kwanza, hakuna aliyepona. Ukaenea kijiji kwa kijiji, na katika koloni hilo dogo walikufa takriban watu 1,000, ambao zaidi ya 900 kati yao walikuwa chini ya umri wa miaka 20. Katika mji wa Hampton Falls familia 20 zilizika watoto wao wote. Naomba wanafunzi watulie kidogo hapo na kuifikiria nyumba moja tu kati ya hizo ishirini, yenye vitanda na nguo za watoto, na asiwepo mtoto hata mmoja.

Watu hao walikuwa Wakristo wa msimamo mkali, na walisoma kila tukio kama neno la Mungu kwao. Zilitangazwa siku za kufunga na kuomba. Wahubiri wakawaambia vijana waliosalia watubu kabla ya zamu yao kufika. Imani hiyo ilikuwa na ushahidi wake machoni mwao: ugonjwa uliingia nyumba moja ukaimaliza, ukairuka ya jirani, ukaingia ya tatu, na kwa mtu asiyejua kwamba pumzi na mate ya mgonjwa hubeba vijidudu, mwendo huo unafanana kabisa na hukumu inayochagua wa kuwapata. Siwezi kuwacheka. Walichunguza vizuri, walichokosa ni hadubini ya kuonea vijidudu.

Madaktari nao walikuwa gizani. Mafundisho waliyorithi yalisema ugonjwa ni mchafuko wa majimaji ya mwili, kwa hiyo mtoto aliyekuwa anakabwa alitolewa damu, akatapishwa, akapewa dawa zenye zebaki, na koo lake likapakwa vitu vya kuunguza. Msomaji wa pwani anayejua kuumikwa kwa chuku ataielewa fikra hiyo bila shida. Tatizo jingine ni kwamba walichanganya magonjwa. Wakati watu wa New Hampshire wanazika watoto kwa mamia, Boston nako kulikuwa na maradhi ya koo, lakini yenye vipele vyekundu na vifo vichache zaidi. Daktari William Douglass aliyaeleza kwa makini mwaka 1736, na leo inaaminika kwamba aliyoyaona yalikuwa homa ya vipele vyekundu, ugonjwa mwingine kabisa. Kwa upande wa pili, dondakoo lenyewe lilikuwa na majina mengi. Likiwa kwenye tezi za koo lilipewa jina hili, likishuka kwenye koromeo likapewa lile, kana kwamba ni maradhi mawili.

Aliyelifungua fundo hilo ni Pierre Bretonneau, daktari wa mji wa Tours, Ufaransa. Miaka michache kabla yake, mwaka 1807, mtoto wa mdogo wake Napoleon alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa koromeo, na mfalme huyo akatangaza zawadi ya faranga 12,000 kwa atakayeandika vizuri zaidi kuhusu maradhi hayo. Zawadi ilitolewa, na watoto wakaendelea kufa. Bretonneau alipata mlipuko mjini kwake kuanzia mwaka 1818, akaifungua miili ya waliokufa mmoja baada ya mwingine. Wengi kabla yake waliouona ule utando mweusi wenye harufu walidhani koo limeoza. Yeye aliubandua na kuusafisha, akakuta nyama ya chini yake haijaoza. Akaufuata kutoka kwenye tezi za koo hadi kwenye koromeo na njia ya hewa, akaona ni kitu kimoja kilichoshuka, kama karatasi iliyobandikwa kutoka juu hadi chini. Mwaka 1826 aliyachapisha hayo, na kwa kuwa utando ule ulimkumbusha ngozi iliyotengenezwa, akaupa ugonjwa jina kutokana na neno la Kigiriki diphthera, yaani ngozi. Lugha nyingi za Ulaya zinaliita hivyo mpaka leo. Kiswahili kilichagua donda, nao Wagiriki wa Aretaeus vilevile walikuwa wamesema vidonda.

Bretonneau alishikilia kwamba ugonjwa huu unaambukizwa kutoka mtu hadi mtu, lakini wengi hawakumfuata. Uingereza, kwa miaka mingi ya nusu ya pili ya karne ya 19, lawama ilitupiwa hewa inayotoka kwenye mifereji ya maji machafu, na matajiri waliwaita mafundi wa mabomba kabla ya kumwita daktari. Kisha mwaka 1878 ugonjwa ukaingia katika jumba la Darmstadt, Ujerumani, alikoolewa Alice, binti wa Malkia Victoria. Mume wake aliugua, na kati ya watoto wake sita waliokuwa hai, watano waliugua. Mdogo kuliko wote, May, mwenye umri wa miaka 4, alifariki mwezi Novemba. Alice aliwaficha wengine msiba huo kwa siku kadhaa, na hatimaye alipomweleza mwanawe Ernst, kijana akalia kwa uchungu, na mama akashindwa kujizuia, akamkumbatia na kumbusu. Tarehe 14 Desemba naye alifariki, akiwa na miaka 35. Bungeni Uingereza waziri mkuu Disraeli alilieleza busu hilo kwa huzuni.

SWALI: Naandika kutoka Mombasa. Nimesikia kwamba dawa ya kwanza ya dondakoo ilitoka katika damu ya farasi. Je, ni kweli, au ni maneno ya mitaani?

JIBU: Ni kweli tupu. Mwaka 1883 Edwin Klebs aliwaona bakteria wa ugonjwa huu katika utando, na mwaka uliofuata Friedrich Loeffler akafaulu kuwaotesha peke yao. Loeffler aligundua jambo lililomtatiza: wanyama aliowaambukiza walikufa wakiwa na madhara katika viungo vya ndani, lakini bakteria wenyewe walikuwa palepale alipowachoma sindano. Akashuku kwamba kuna sumu inayosafiri. Mwaka 1888, mjini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin waliichuja supu ya bakteria hadi haikubaki hata mmoja, wakawachoma wanyama maji yale matupu, na wanyama wakafa vilevile. Sumu iliyokuwa imefichika nyuma ya utando tangu enzi za Aretaeus ikawa imekamatwa ndani ya chupa.

Mwaka 1890, Berlin, Emil Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo huwa na kitu katika damu yake kinachoivunja nguvu sumu hiyo, na kwamba kitu hicho kikihamishiwa kwa mnyama mwingine humlinda. Walionyesha hivyo kwa dondakoo na kwa pepopunda, majirani wawili wa kwenye kadi ya kliniki. Farasi alichaguliwa kwa kuwa ana damu nyingi na huvumilia. Alichomwa sumu kwa kipimo kidogo, kikaongezwa kwa muda wa wiki nyingi, kisha damu ikachukuliwa kutoka mshipa wa shingo, ikaachwa igande, na maji ya rangi ya manjano yaliyobaki juu, yaani seramu, ndiyo yaliyokuwa dawa. Roux aliitumia mwaka 1894 katika hospitali ya watoto mjini Paris, ambako hadi wakati huo takriban nusu ya wagonjwa wa dondakoo walikuwa wanakufa. Vifo vikashuka hadi takriban robo. Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1901, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kabisa.

Mwaka huohuo lilitokea pia janga ambalo halifai kunyamaziwa. Mjini St. Louis, Marekani, farasi mmoja aliyeitwa Jim alipatwa na pepopunda, na seramu yake iliyokwisha kuchafuka ikawafikia wagonjwa. Watoto 13 wakafa. Mwaka 1902 ikapitishwa sheria ya kusimamia utengenezaji wa dawa za aina hiyo. Seramu ya farasi ingali inatumika hospitalini hadi leo pamoja na viuavijasumu, na huwa haipatikani kwa wingi. Hufaa ikitolewa mapema, kwa sababu huizuia sumu iliyo bado katika damu, lakini ile iliyokwisha kushika moyo haiwezi kuing'oa. Chanjo ilikuja baadaye, Gaston Ramon alipoonyesha, miaka ya 1920, kwamba sumu ikichanganywa na kemikali iitwayo formalini na kuwekwa kwenye joto hupoteza ukali wake, ilhali mwili bado huitambua na kujitengenezea kinga.

SWALI: Nina umri wa miaka 71, naishi Bagamoyo. Wazee wetu walitusimulia ndui, tauni na kipindupindu. Mbona dondakoo hawakutusimulia?

JIBU: Shikamoo mzee. Swali lako limegusa jambo ambalo hata wataalamu wa Ulaya lilichukua muda kuwaingia akilini. Katika nchi za joto, bakteria hawa hukaa mara nyingi kwenye ngozi, ndani ya vidonda vidogo vya miguuni na mikononi vinavyochelewa kupona. Kwenye ngozi sumu huingia mwilini polepole na kidogo, kwa hiyo mtoto huwa na kidonda sugu, lakini hupata kinga akiwa bado mdogo, na koo lake husalimika kwa kiasi kikubwa. Katika nchi za baridi mtoto aliyevikwa nguo nzito na kufungiwa ndani na nduguze wakati wa majira ya baridi alikutana na bakteria hao kwa mara ya kwanza kooni, bila kinga yoyote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari waliotoka nchi za baridi waliona jambo hilo katika miili yao wenyewe, walipopata vidonda vya ngozi vya dondakoo katika jangwa la Afrika ya Kaskazini na misitu ya Asia.

Hiyo haina maana kwamba ugonjwa wa kooni haujui njia ya Afrika. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 Nigeria imekuwa na mlipuko mkubwa, hasa katika jimbo la Kano, na wengi wa walioathirika ni watoto ambao hawakukamilisha chanjo.

SWALI: Mimi ni kijana, naishi Singida. Bibi yangu anasema hilo mnaloliita dondakoo ni kimeo tu, na kwamba mtoto akikohoa sana apelekwe kwa mkata kimeo. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

JIBU: Kimeo, au kidakatonge, ni kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na kila mtu anacho. Imani kwamba kikirefuka humfanya mtoto akohoe, atapike au akatae kunyonya ni ya siku nyingi katika Tanzania na Kenya, na wakata vimeo bado wapo. Bibi yako hajatunga jambo. Ameona watoto wenye shida ya koo, akaona kitu kinachoning'inia humo, akaviunganisha. Madaktari wa Ulaya waliobandua utando kwa koleo na kuuchoma kwa tindikali walifanya hesabu hiyohiyo: kilichoonekana kooni ndicho kilichoshtakiwa. Tofauti ni kwamba utando ulikuwa alama ya ugonjwa wa kweli, wakati kimeo hakina kosa lolote. Kukikata humwachia mtoto kidonda kibichi kooni, ambacho huweza kutoka damu nyingi isiyokatika, kuingiwa na vijidudu au kumletea pepopunda, na kikohozi kilichompeleka huko, ambacho huenda ni kichomi au kifua kikuu, kinabaki bila tiba.

Usimjibu kwa hoja peke yake. Kaa naye mchana, uchukue tochi, umwombe mmoja wa wajukuu wake mwenye afya afungue kinywa na kusema "aaa". Bibi atakiona kimeo kikiwa chekundu, laini, kikipanda na kushuka kwa kila sauti. Mwambie kwamba utando wa dondakoo ni wa kijivu, umeganda, na haupandi wala haushuki. Na kwamba akiuona huo siku yoyote, au akimsikia mtoto anakoroma anapovuta pumzi, asiuguse kwa kidole wala kwa kijiko, bali mtoto abebwe saa hiyohiyo hadi kituo cha afya.